Apa Qudsia na Tangi la Msikiti

Mtu wa kwanza kumwita Apa Qudsia mwendawazimu usoni pake alikuwa mwanawe wa kumzaa, na alimwita hivyo mbele ya kibanda changu cha tambuu, mchana kweupe, adhana ya adhuhuri ikiwa bado inasikika. Mama wa watu alikuwa amevuka barabara mbio, mtandio umemtoka kichwani, birika la maji mkononi, akimfukuzia kijana ambaye alikuwa ameshatia mguu kwenye lango la msikiti.

"Wasif! Simama hapo! Umesahau maji yako."

"Mama, rudi nyumbani. Mimi ni mtoto wa kutawazwa?"

"Hata ndevu zikikufika kitovuni. Tawadhia haya."

"Watu wanatuangalia."

"Waache waangalie, macho hayalipiwi. Shika birika."

"Una wazimu, Mama. Mtaa mzima unasema."

"Ninao. Shika birika."

Alilishika kweli. Akaligeuza juu chini, maji yote yakaingia mtaroni, akamrudishia mama yake birika tupu, kisha akaingia kutawadha kwenye mabomba ya tangi kama wenzake. Vijana wa gereji ya pikipiki anakofanya kazi wakapiga makofi. Nilitamani niache tambuu zangu nimfuate huko huko ndani nimzabe kibao, lakini mtoto wa mwenzio ukimpiga, kesi inakuwa yako.

Apa Qudsia aliyatazama maji yanavyokwenda na taka za mtaroni. "Kaka Yamin," akaniambia, "kuni za maji hayo zimenitoa machozi tangu asubuhi." Akajifunika mtandio vizuri, akarudi kwake.

Apa ni dada mkubwa, na mtaani kwetu humwita hivyo hata wazee wanaomzidi umri, kwa sababu ulimi wake haukuruhusu umwite kwa jina tupu. Mumewe, Ilyas, alikuwa mpishi wa harusi. Hapa Karachi hakuna ndoa bila biriani, wala hakuna biriani ya watu bila yale masufuria makubwa ambayo mtoto anaweza kujificha ndani. Ilyas alipofariki alimwachia mkewe mtoto mmoja na rundo la masufuria, naye akawa anayakodisha. Ole wako umrudishie sufuria halijasuguliwa. "Umelirudisha au umelitapikia? Kamwite mama yako aje alilambe!" Lakini ukifiwa, sufuria lake linafika kwako kabla hujaliomba, na ndani mna chakula.

Aliyemsaidia kumlea Wasif ni mdogo wake wa kiume, Mujtaba, seremala, aliyehamia chumba cha juu. Mujtaba ndiye aliyemfundisha mtoto kushika msumeno, kuendesha baiskeli na kuswali. Na udhu wa Mujtaba ulikuwa wa kusikika mpaka kibandani kwangu. Alipofika kwenye pua alikuwa anavuta maji kwa nguvu mpaka macho yanamtoka machozi, kisha anayapenga kwa kishindo, halafu anashukuru. Wasif alimwiga vilevile, tangu utoto, na watu wakawa wanacheka kwamba wakitawadha wale wawili mtu anaweza kudhani nyati wameingia mtoni.

Joto lilipokuja kali, mwaka juzi, Mujtaba aliamka na kichwa kinamgonga. Tukasema ni jua. Kesho yake hakumjua dada yake. Alikuwa anamwita kwa jina la mama yao aliyekufa zamani. Wiki haikwisha, tukamzika. Mtu mwenye mikono ile, aliyekuwa anabeba mlango wa msaji peke yake begani!

Hospitalini daktari, binti mdogo tu, alimwita Apa pembeni.

"Mama, ndugu yako alikuwa anaogelea?"

"Kuogelea wapi, binti yangu? Maji ya kunawa uso yenyewe tunayapata kwa zamu."

"Sasa maji aliyaingizaje puani?"

"Alikuwa anaswali."

Ndipo daktari akamweleza. Kuna kijidudu, hakionekani kwa macho, kinapenda maji ya vuguvugu yasiyotiwa dawa. Ukikinywa hakikufanyi kitu. Ukikivuta puani kinakwea mpaka kwenye ubongo, na kikishafika huko, watu wanaopona ni wachache mno. Maji yakitiwa dawa ya kutosha, au yakichemshwa yakatokota, kinakufa. Ndiyo hayo tu. Mtu mzima amekufa kwa kitu ambacho kijiko cha dawa kwenye tangi, au moto chini ya sufuria, ungekiua!

Na hapo ndipo hasira yangu inapopanda, niwe mkweli. Dawa hiyo si ya kutiwa na Qudsia. Kuna idara ya maji, ina jengo, ina magari, ina mabango, na kazi yake ni hiyo. Apa alikwenda huko na wanawake wenzake, wakakalishwa kwenye benchi mpaka makalio yakafa ganzi. Baadaye walimtuma ofisa mtaani. Akaja amevaa miwani ya jua, akafungua bomba la nje kwa Apa, akajaza glasi, akaiinua juu akaitazama.

"Safi kabisa," akasema. "Mnaona? Yanang'aa."

"Baba, kuna dawa humo?" Apa akamwuliza.

"Dawa tunatia huko yanakotoka."

"Huko yanakotoka siishi mimi. Naishi hapa. Hapa iko?"

"Mama, mabomba ni ya zamani, njia ni ndefu, dawa inaishia njiani. Ndiyo maana tunawashauri wananchi wachemshe."

"Nichemshe mimi, nichuje mimi, nitie dawa mimi. Wewe kazi yako ni kushauri?"

Ofisa akacheka kama anayemchekea bibi yake. Kisha, wallahi niliona kwa macho yangu, akaingia garini, akafungua chupa ya maji ya dukani na kunywa. Ile glasi ya maji safi kabisa aliiacha juu ya ukuta.

Basi Apa Qudsia akawa idara ya maji ya nyumba yake. Sisi wengine tulikuwa tunatia shabu maji yatulie taka, tunachuja kwa kitambaa, tunaona yametosha. Yeye alilitoa sufuria la marehemu mumewe uani, akalipandisha juu ya mafiga, na kwa kuwa gesi ya mtaani ilikuwa inakuja kwa kukohoa, akanunua kuni. Maji yalitokota mpaka mfuniko unacheza. Akayaacha yapoe yakiwa yamefunikwa, akayamimina kwenye mitungi, akaipanga mitungi penye kutawadhia, na kila mtungi una kata yake. Sheria ya nyumba ikawa moja: maji ya bomba hayapandi puani kwa mtu. Mgeni naye alikuwa chini ya sheria hiyo. Sheikh mmoja wa kutoka Multan aliyekuja kumpa pole alitolewa bombani mikono ikiwa imeshalowa.

Mtaa ulicheka, maana mtaa wetu hauna kazi. "Apa Qudsia anapika supu ya udhu!" "Apa, tia na kitunguu basi!" "Ukishaswalia maji hayo, thawabu zinakuja zimeiva!" Yeye alikuwa anawajibu kila mmoja kwa kipimo chake, na yaliyomtoka siwezi kuyaandika yote. Lakini kuchekwa hakukumwumiza. Kilichokuwa kinamtoa usingizi ni Wasif. Nyumbani aliweza kumlinda. Adhuhuri na alasiri kijana alikuwa gereji, hatua chache kutoka msikitini, na alikuwa anatawadha msikitini, kwenye tangi lile lile lililojengwa chini ya ua na kujazwa na bomba lile lile, akivuta maji kama alivyofundishwa na mjomba wake. Ukimwambia apake tu ncha ya pua, anasema udhu wa nusunusu ni wa wavivu. Mjomba alikuwa amekufa, na kijana alikuwa anaona kuvuta maji vile ndiyo kumbukumbu aliyobaki nayo. Utamlaumu?

Kiangazi cha mwaka jana akafa Tabrez, mtoto wa Bashir muuza maziwa. Kichwa, homa, kupotewa na akili, kaburi. Alikuwa hajaoa. Bashir alimwaga maziwa ya siku nzima mtaroni, akafunga duka, akawa anakuja msikitini kabla ya wote na kutoka baada ya wote.

Mwaka huu, kabla joto halijaanza, Apa alikwenda kwa kamati ya msikiti. Hakuomba mengi. Dawa ya maji, ile klorini inayouzwa duka lolote la dawa, itiwe kwenye tangi kila yanapoingia maji mapya. Alisimama mlangoni mwa ofisi, maana mwanamke haingii, nasi wanaume watatu wanne tuliokuwa karibu tukasogea tusikilize.

Mwenyekiti wa kamati ni Haji Ferozuddin, mwenye duka la jumla la vitambaa, mtu wa sauti nene na ndevu zilizotiwa hina. Alimsikiliza mpaka mwisho, akatabasamu.

"Apa Qudsia, dawa hiyo ina harufu?"

"Inayo kidogo."

"Basi. Maji ya kutawadhia sharti lake ni lipi? Yasibadilike rangi, yasibadilike ladha, yasibadilike harufu. Hilo hata mtoto wa madrasa analijua. Wewe unataka niwabadilishie waumini maji, niwabatilishie udhu, niwabatilishie swala za mtaa mzima? Siku ya Kiyama nitajibu nini?"

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Ni hoja nzuri, ukiisikia haraka. Lakini Apa si mtu wa kusikia haraka.

"Haji, bomba la vinyesi lilipopasuka pale kona likaingiliana na bomba letu, wiki nzima tangi lilinuka. Ulilifunga?"

"Ile ilikuwa dharura."

"Kumbe uvundo wa choo ni dharura, harufu ya dawa ndiyo haramu!"

"Chunga mdomo, uko mlangoni kwa nyumba ya Mungu."

"Maulana," Apa akamgeukia imamu wetu, Maulana Inamullah, kijana mpole aliyekuwa ameketi pembeni akizungusha tasbihi. "Wewe ndiye mwenye elimu. Dawa inaharibu tohara?"

Maulana alimtazama Haji, akatazama zulia. Chumba anacholala ni cha msikiti, na msikiti ni kama wa Haji. "Ni jambo la kuangaliwa vitabuni, Apa," akasema. Nikaona aibu kwa niaba yake.

Ndipo Bashir muuza maziwa, ambaye ni mjumbe wa kamati, akasimama. Nilidhani atamwunga mkono.

"Mwanangu siku yake ilifika," akasema. "Alikufa ana udhu. Nimepata faraja moja tu duniani, ni hiyo. Wewe mwanamke unataka kuniambia nyumba ya Mungu ndiyo iliyomwua?"

"Si nyumba, Bashir, ni tangi."

"Toka! Toka usije tena!"

Apa Qudsia, ambaye hakushindwa na mtu kwa maneno, alimwinamishia Bashir kichwa tu. Aliondoka polepole. Na wale vijana wa gereji wakapata jina jipya la kumwita Wasif, "Mwana wa Mchemsho", naye kila walipomwita hivyo alikuwa anakwenda kutawadha tangini kwa kishindo zaidi, ili wamwone.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Baada ya siku si nyingi Haji Ferozuddin akamposea mjukuu wake mke, na karamu ikataka biriani. Masufuria yakatoka kwa Apa, maana biashara ni biashara na kwingine hakuna. Kesho yake asubuhi akaenda kuyachukua, na mkaza mwana wa Haji, mwanamke mwema mwenye maneno mengi, akampitisha uani. Pale uani, kando ya kigoda cha kutawadhia, zilikuwa zimepangwa zile chupa kubwa za buluu za maji ya dukani, moja juu ya nyingine kama matofali, na moja imetiwa kibomba chake kidogo, na chini yake saruji bado imelowa.

"Mnakunywa maji mengi nyumba hii," Apa akasema.

"Ya kunywa yako jikoni, Apa. Haya ni ya udhu wa Baba. Sote tunatumia haya haya. Tangu marehemu ndugu yako alipotutoka, Baba alikataza nyumba nzima, maji ya bomba yasipande puani kwa mtu. Alisema daktari hawezi kusema uongo. Wewe tu ndiye uliyetufumbua macho, Mungu akulipe."

Mkuki kwa nguruwe! Nilipoambiwa habari hii na Apa kibandani kwangu, tambuu niliyokuwa naikunja ilinichanika mkononi. Tangu Mujtaba alipokufa! Yaani mwaka mzima kabla ya Tabrez. Yule mzee alimwamini Qudsia kuliko sisi sote. Aliamini siku ile ile, akaokoa pua yake na pua za wajukuu wake. Hata siku tunamzika Tabrez, na yeye ndiye aliyesoma dua ndefu kuliko wote, alikuwa ametawadhia maji ya dukani. Na sisi, tusioweza kununua maji ya kumwaga chini, akatuachia tangi, na harufu, na Siku ya Kiyama.

"Nenda kapige kelele mlangoni kwake sasa hivi," nikamwambia. "Nakuja nawe."

"Nikipiga kelele watasema Qudsia kichaa ameongeza. Ijumaa, Kaka Yamin."

Alimwambia Wasif jioni ile. Kijana hakuamini. Akasema, Mama, umefika mahali pa kuwasingizia wazee wa watu? Akalala kwa rafiki yake gereji.

Sehemu ya kutawadhia ya msikiti wetu iko wazi upande wa barabara, mabomba yamepangwa ukutani na vigoda vya saruji mbele yake, hivyo aliye nje ya lango anaona kila kitu. Ijumaa ile Apa Qudsia alifika mapema kabla ya adhana, nyuma yake mkokoteni umebeba sufuria la harusi kubwa kuliko yote, limejaa maji yaliyochemshwa na kupoa, limefunikwa shuka nyeupe. Akalitua kando ya lango, nje, palipo pa kila mtu. Akaketi kwenye kiti cha plastiki, kata mkononi, mabirika miguuni.

"Karibuni udhu," akawa anasema. "Hayana harufu, hayana rangi, hayana ladha. Yana jasho langu tu."

Wengine walicheka. Wengine waliona haya wakapita upande wa pili. Mzee mmoja mfua nguo na mimi tulichukua mabirika. Wasif alifika na wenzake, akamwona mama yake amekaa pale kama mwuza juisi, uso ukamwiva. Akapita bila salamu, moja kwa moja mpaka kwenye bomba, akakunja mikono ya kanzu.

Haji Ferozuddin akaja, kanzu nyeupe, manukato yanamtangulia.

"Apa Qudsia, ni nini hii? Hapa ni msikitini, si harusini."

"Ndiyo maana sikuleta wali. Haji, nina swali moja, nijibu mbele ya watu, kisha nitaondoa sufuria langu na hutaniona tena. Maji ya tangi yanafaa?"

"Yanafaa."

"Hayana neno?"

"Hayana neno. Jamani, mwondoeni mama huyu."

"Basi tawadha, Haji."

"Nimeshatawadha nyumbani."

"Udhu juu ya udhu ni nuru juu ya nuru. Si wewe uliyetuambia hivyo kwenye kipaza sauti?"

Watu wakageuka kumtazama. Hakukuwa na ubaya wowote katika jambo aliloombwa. Hata mtoto wa madrasa angelifanya apate thawabu. Bashir muuza maziwa, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akisugua miguu, akasogea kwa heshima. "Pita hapa, Haji. Mnyamazishe mara moja yaishe."

Haji akakaa. Wasif alikuwa kigoda cha pili yake. Mzee akaosha mikono. Akasukutua mara moja, akatema, kwa kuwa alijua kunywa hakudhuru. Kisha akachovya vidole viwili na kugusa ncha ya pua, kama anayefuta jasho.

"Yavute, Haji," Apa akasema kutoka nje. Hakupaza sauti. "Watoto wetu wanayavuta mpaka ndani."

Mzee akakinga kiganja. Maji yakajaa. Akakiinua mpaka karibu na ndevu, na hapo mkono ukasimama. Maji yakawa yanamvujia kwenye kiwiko, yanaingia ndani ya mkono wa kanzu. Maulana alikuwa ametoka mlangoni, naye amesimama.

Wasif hakuwa anamtazama. Hasira zilikuwa zimemjaa, alitaka tu kumwonyesha mama yake, kuwaonyesha wote. Akakinga viganja viwili chini ya bomba lake, akainama, akakusanya pumzi ya kuvuta kama alivyokuwa anavuta mjomba wake. Nje, Apa Qudsia alisimama, kiti kikaanguka.

Haji Ferozuddin akamdaka kijana mkono. Akamdaka kwa nguvu sijui alizitoa wapi, maji yakawarukia wote wawili usoni.

"Usivute, mwanangu!" akasema. "Usivute haya!"

Wasif akamtazama mzee. Akaitazama mikono yake iliyolowa. Akaenda mpaka langoni, nyuso zote zinamfuata, akainama mbele ya sufuria, na mama yake akammiminia, huku kata ikigonga ukingo wa sufuria.

"Dawa haiharibu tohara ya maji," Maulana akasema. "Ni kama majani yaliyoangukia kisimani. Nilipaswa kusema siku ile."

Lakini hakuna aliyemsikiliza. Tulikuwa tunamtazama Bashir. Alikuwa bado amesimama nyuma ya kigoda alichompisha Haji kwa heshima, mguu mmoja una sabuni, mwingine hauna, na midomo inacheza kama mtu anayehesabu. Akayahesabu aliyoyaona, moja moja, mpaka akayamaliza. Kisha akainama karibu na uso wa mzee, akamwuliza taratibu, bila kumtukana, kama mtu anayeuliza njia:

"Na wangu, Haji? Wangu alikaa kigoda hiki hiki, na wewe ulikuwepo. Mbona wangu hukumshika mkono?"